Mtoto Naye Apewe Notisi: Kumwachisha Ziwa Polepole

Nawasalimu mlioko Thika, kuanzia Makongeni na Landless hadi Kiganjo na Kiandutu. Nawasalimu wa Juja mlio katikati yetu, na wa Ruiru, kutoka Kimbo na Kwa Kairu hadi kule Githurai. Kama uko kwa matatu unarudi kutoka kazini, mwombe makanga aongeze sauti kidogo. Kama baba yuko karibu, mwite aketi naye asikilize, kwa sababu mambo ya leo si ya mama peke yake.

Katika kipindi hiki tumezungumza sana juu ya kuanza kunyonyesha. Leo tunazungumza juu ya kumaliza. Nimeona kule kliniki kwamba mama hufundishwa vizuri jinsi ya kuanza, lakini ni wachache wanaoelezwa jinsi ya kuacha. Siku ya kuacha ikifika, anabaki na ushauri wa majirani: paka pilipili, funga matiti kwa leso, mpeleke mtoto kwa shosho wiki 2 atasahau. Ushauri huo naujua vizuri. Mimi mwenyewe niliufuata, na leo nitawaeleza yaliyonipata.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na mwaka 1 na mwezi 1 nilipopata kazi ya mkataba, zamu za usiku. Nilikuwa nimeshamaliza diploma yangu ya uuguzi na nilikuwa nikiwafundisha akina mama wengine. Lakini nilipewa siku 4 tu za kujiandaa, na niliogopa kuipoteza nafasi ile. Jumamosi nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda matatu ya kwenda Gatanga, nikamwachia mama mkwe. Nilimnyonyesha mara ya mwisho, akalala, nikaondoka kimyakimya.

Usiku wa kwanza matiti yalijaa yakawa magumu kama mawe. Nikayafunga kwa leso. Siku ya tatu nilikuwa natetemeka kwa homa, na titi la kushoto lilikuwa jekundu na la moto. Nilifanya zamu yangu nikiwa mgonjwa kuliko wagonjwa wangu, na ilibidi nipewe antibiotiki. Lakini hilo halikuniuma kama lililofuata. Niliporudi Gatanga baada ya wiki 2, mtoto aliniangalia, akageuza uso, akamshika shosho yake shingoni. Nilipompima uzito, alikuwa ameshuka kutoka kilo 9.4 hadi kilo 8.7. Shosho hakuwa na makosa. Alimpikia vizuri, lakini mtoto alikataa kila kitu isipokuwa chai na mkate. Alikuwa amepoteza ziwa na mama kwa siku moja. Ilichukua karibu miezi 2 uzito wake urudi na anizoee tena.

Neno lenyewe linatufundisha

Watu wa pwani wana neno zuri kwa jambo hili. Husema kumlikiza mtoto. Kulikiza ni kumpa mtu ruhusa aende, na ni ndugu wa neno likizo, ambalo sisi tunaofanya kazi tunalijua sana.

Wengi wenu mnaonisikiliza mnafanya kazi viwandani hapa Thika na Ruiru, au kwenye mashamba ya mananasi, ya kahawa na ya maua. Mnajua tofauti ya mtu aliyepewa notisi na mtu aliyefika langoni asubuhi akaambiwa hana kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa kazi. Sasa mtoto, ambaye ziwa ndilo chakula chake, ndilo usingizi wake na ndipo mahali pake pa kulilia, yeye tunamfuta kwa siku moja. Ombi langu leo ni moja tu: mpe mtoto notisi. Mlikize, usimfukuze.

Ni wakati gani wa kumwachisha?

Tuanze na yale tunayoyajua. Kwa miezi 6 ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Akitimiza miezi 6 anaanza kupewa vyakula vingine, lakini anaendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Huo ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani, na ndio ushauri wa Wizara yetu ya Afya.

Hapa Kenya tumepiga hatua kubwa. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003, ni watoto 13 tu kati ya kila 100 wa chini ya miezi 6 waliokuwa wakinyonyeshwa bila kuchanganyiwa kitu kingine. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 walikuwa 60 kati ya 100. Akina mama, hiyo ni kazi yenu, na nawapongeza.

Kwa hiyo kupunguza kunyonya kunaanza siku ile mtoto anapoonja kijiko cha kwanza cha uji akiwa na miezi 6. Kuanzia hapo chakula kinapanda ngazi na ziwa linashuka ngazi, polepole, mwaka mmoja na zaidi. Siku ya kuacha kabisa inapofika, inapaswa kuwa ngazi ya mwisho iliyo fupi. Isiwe kumrusha mtoto kutoka orofani.

Kuna mama atasema, “Sista, mtoto wangu ana mwaka mmoja, maziwa yangu yamekuwa maji tu.” Si kweli. Katika mwaka wa pili maziwa ya mama bado yanampa mtoto karibu theluthi moja ya nguvu anayohitaji kwa siku, pamoja na vitamini na kinga ya magonjwa. Ukiyaona mepesi, ni kwa sababu maziwa yanayotoka mwanzo wa kunyonya huwa mepesi, na mazito hufuata.

Wengine wanaachisha kwa sababu ya kurudi kazini. Sheria inakupa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Najua wengi wenu ni vibarua, na mnachosoma gazetini si mnachokipata kazini. Lakini hata hivyo, kurudi kazini si lazima kuwe mwisho wa ziwa. Mnyonyeshe kabla ya kutoka asubuhi, mnyonyeshe ukirudi jioni, na usiku. Mchana yaya ampe maziwa uliyokamua, kwa kikombe safi chenye kifuniko. Maziwa hayo yasikae zaidi ya saa 4 nje ya friji. Mtoto aliyezidi miezi 6 anaweza kula chakula wakati haupo na kunyonya ukiwepo. Matiti yako yatajipanga yenyewe.

Kama ni lazima kumwachisha kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, usifanye hivyo kwa kukisia. Njoo kliniki kwanza. Mtoto huyo bado anategemea maziwa, na ni lazima tuongee kwa makini kuhusu atakayopewa, kiasi gani, na usafi wake.

Kwa nini polepole?

Nieleze kwanza yanayotokea katika matiti. Matiti hayana tangi linalojaa mara moja likaisha. Ni kama fundi anayeshona kwa oda. Mtoto akinyonya sana, mwili unapata habari kwamba kuna oda, unatengeneza zaidi. Akipunguza, maziwa yanabaki, na kule kubaki ndiko kunakouambia mwili upunguze. Lakini mwili hausikii kwa siku moja. Ukiacha ghafla, oda inafutwa nguo zikiwa zimeshashonwa. Maziwa yanajaa, mirija inabanwa, titi linavimba, na vijidudu vikiingia linaweza kufanya jipu. Jipu la titi ni la kupasuliwa hospitalini.

Upande wa mtoto, tumbo lake nalo linahitaji kuzoea. Mwaka 1933 daktari mmoja aliyeitwa Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Ghana, aliandika kuhusu watoto waliokuwa wakivimba miguu. Ugonjwa huo tunauita kwashakoo hadi leo. Jina alilichukua kutoka kwa Waga wa huko, na kwao lilikuwa na maana ya ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wale walikuwa wameliona jambo lenyewe kabla ya madaktari. Mtoto aliondolewa ziwani kumpisha mwingine, akapewa uji mwepesi wa mahindi peke yake, akaanza kuvimba. Hakuugua kwa sababu ya kuacha ziwa. Aliugua kwa sababu ziwa liliondoka na hakuna chakula cha maana kilichokuja mahali pake.

Hatua kwa hatua

Sasa tuje kwa kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa mtoto wa mwaka 1 na miezi 10 ambaye ni mzima, anakula vizuri, na ananyonya mara 5: akiamka, saa 4 asubuhi, mchana kabla ya kulala, jioni mama akirudi, na usiku.

Hatua ya kwanza ni kushika kanuni hii: usimpe asipoomba, na usimnyime akiomba. Akiwa anacheza na hajakumbuka ziwa, usimkumbushe. Akija analia anataka, mpe kidogo. Kwa kanuni hii peke yake, kwa wiki 1, utashangaa mara ngapi umekuwa ukimpa kwa mazoea tu.

Hatua ya pili, chagua mara moja ambayo haipendi sana. Mara nyingi ni ile ya saa 4 asubuhi. Dakika 10 kabla ya wakati huo, mpe ndizi, au uji kwa kikombe, kisha mtoke nje mkaangalie kuku wa jirani. Fanya hivyo siku 5 hadi 7. Matiti yakitulia na mtoto akitulia, nenda hatua inayofuata. Kama hajatulia, kaa hapo hapo wiki nyingine. Hakuna anayekukimbiza.

Hatua ya tatu, ondoa ile ya mchana. Hapa ugumu ni usingizi. Mbebe mgongoni, mwimbie, au mwache yaya au shosho amlaze. Badilisha mahali. Kama umezoea kumnyonyesha kwenye kiti fulani, usikae kwenye kiti hicho mbele yake wiki hiyo. Mtoto anakumbuka kwa macho.

Hatua ya nne, ile ya jioni. Mama anayetoka kazini anajua jambo hili: ukifungua tu mlango, mtoto anakimbilia kifua. Hataki maziwa tu, anakutaka wewe. Kwa hiyo mpe wewe. Weka mkoba chini, mchukue, mkumbatie, kaa naye dakika 15 kabla ya kushika sufuria. Chakula chake cha jioni kiwe tayari mapema.

Ya asubuhi na ya usiku ndizo za mwisho, kwa sababu ndizo anazozipenda zaidi. Usiku ndipo baba anapohitajika. Mtoto akisikia harufu ya maziwa atataka maziwa, lakini baba hana harufu hiyo. Baba, amka wewe kwa siku chache. Mpe maji kidogo kwa kikombe, mpigepige mgongo, mwambie ziwa limelala. Siku 3 za kwanza atalia. Usimwache alie peke yake gizani, lia naye ukiwa umemshika.

Ukifuata mwendo huu utachukua mwezi 1 hadi 2. Na mtoto wa umri huu anaelewa maneno. Mwambie mchana, si usiku akiwa na usingizi, “Sasa unakuwa mkubwa, tutanyonya jioni tu.” Mwambie kila siku maneno yale yale.

Chakula kipande ngazi

Kila mara unayoondoa ziwa, weka kitu mahali pake. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anayenyonya anahitaji mlo mara 3 au 4 kwa siku na vitafunio mara 1 au 2. Akiacha kunyonya, mwongezee hadi mlo mara 4 au 5, pamoja na vikombe 1 hadi 2 vya maziwa. Kila mlo uwe karibu bakuli dogo la kikombe kimoja.

Chakula hicho si lazima kitoke supamaketi. Ukienda soko la Madaraka hapa Thika, au soko la Ruiru, utapata kila kitu. Viazi vitamu au nduma uliyoiponda. Maharagwe, njahi au minji iliyopikwa ikaiva kabisa na kupondwa. Yai moja. Omena uliyoiosha, ukaikausha na kuisaga, kijiko kimoja ndani ya uji au mboga. Ini kidogo mara moja kwa wiki kama unaweza. Terere au managu iliyokatwa ndogo, malenge, avokado, embe na ndizi. Tia kijiko kidogo cha mafuta. Uji uwe mzito, usianguke kutoka kijikoni kama maji.

Maziwa ya ng'ombe uyachemshe, hata yale ya mashine ya dukani. Yasizidi vikombe 2 kwa siku, kwa sababu mtoto akishiba maziwa hatakula, na damu itapungua. Na tafadhali akina mama na akina shosho, chai si chakula cha mtoto. Chai ya majani inazuia mwili kupata madini ya chuma. Kikombe cha chai na mkate kinamshibisha mtoto bila kumjenga. Mtoto wangu alipoteza uzito akiwa na shibe ya chai, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Tumia kikombe, si chupa ya chuchu. Chupa ni ngumu kuosha, na kuhara huanzia hapo. Na mara moja kwa mwezi mlete kliniki na kijitabu cha mama na mtoto tumpime, hasa miezi 3 ya kwanza baada ya kuacha.

Matiti ya mama

Hata ukienda polepole, kuna siku matiti yatajaa. Kamua kidogo kwa mkono, kiasi cha kupunguza maumivu tu. Usikamue mpaka yaishe, maana utakuwa umeandika oda mpya. Weka kitambaa cha maji baridi. Jani la kabichi lililooshwa na kupozwa likiwekwa ndani ya sidiria husaidia pia. Vaa sidiria inayoshika vizuri bila kubana, na usifunge matiti kwa leso. Paracetamol inaweza kukusaidia na maumivu. Dawa au sindano za kukausha maziwa usinunue dukani bila kuonana na daktari.

Ukiona homa, titi jekundu, lenye moto, lenye uvimbe unaouma, usingoje kesho. Nenda hospitali. Na usiache kunyonyesha titi hilo ghafla, maana kutoka kwa maziwa ni sehemu ya matibabu.

Akina mama wengine hupata huzuni siku hizi, wanalia bila kujua kwa nini. Mwili unabadilika, na pia kuna jambo lenu wawili linaloisha. Si ujinga. Lakini huzuni ikizidi wiki 2, au ukikosa usingizi na hamu ya kula, mwambie mtu na uje utuone. Vilevile, ukipunguza kunyonyesha, mimba inaweza kuingia kwa urahisi zaidi. Pitia chumba cha upangaji uzazi kabla, si baada.

Wakati wa kungoja

Usianze kumwachisha mtoto akiwa anahara, ana homa, au ametoka kuugua. Mtoto mgonjwa anaweza kukataa kila kitu akakubali ziwa tu. Usianze wiki ile mnayohama nyumba, au yaya mpya anapoanza kazi. Kama umeanza na mtoto akaugua, rudi nyuma hatua moja au mbili, kisha uendelee akipona. Hujashindwa.

Maswali ya wasikilizaji

Mlituma maswali mengi kwa ujumbe mfupi. Nitajibu machache.

Mama mmoja wa Kimbo anasema, “Nina mimba ya miezi 3 na mtoto wa mwaka 1 na nusu. Watu wanasema maziwa yangu sasa ni sumu. Niache leo?” Mama, maziwa yako si sumu. Kama mimba haina matatizo unaweza kuendelea, huku ukiongeza chakula chako. Mimba ikikua, maziwa yatapungua na ladha itabadilika, na watoto wengine huacha wenyewe. Tumia miezi hii iliyobaki kumlikiza taratibu, ili mdogo wake akija asione amefukuzwa. Lakini ukitokwa na damu, ukipata maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, au kama uliwahi kujifungua kabla ya wakati, muone daktari upesi.

Baba wa Makongeni anauliza, “Kijana wangu ana miaka 2 na bado ananyonya. Hatakuwa mzembe?” Baba, hapana. Hakuna mtoto aliyepoteza akili kwa ziwa. Kama mama yake ameamua ni wakati, saidia usiku kama nilivyosema. Kama hajaamua, mwache kijana amalize.

Shosho wa Kiganjo anasema, “Sisi tulipaka shubiri na pilipili, na watoto walikua.” Ni kweli shosho, walikua, na tunawashukuru. Lakini pilipili inachoma mdomo, na mtoto akijifuta macho inachoma macho. Na mtoto anajifunza kwamba mahali alipopata faraja jana, leo panauma. Hata shubiri humwachisha kwa hofu. Msaada wenu tunauhitaji kwa njia nyingine: mlazeni mchana, mlisheni, mwimbieni, mama yake akiwa karibu. Akizoea ndipo aje kulala kwenu, na mama amwage naye akiwa macho.

Swali la mwisho, mtaa wake sitautaja. “Nina virusi vya UKIMWI na natumia dawa. Niliambiwa zamani niache ghafla. Sasa nifanyeje?” Dada yangu, asante kwa kuuliza. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 akina mama wengi waliambiwa hivyo. Kisha utafiti uliofanyika Lusaka, Zambia, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kuacha ghafla mtoto akiwa na miezi 4 hakukuwapa watoto faida iliyotarajiwa. Tena maziwa ya mama aliyeacha ghafla yalipatikana na virusi vingi zaidi kuliko ya anayeendelea. Ushauri wa siku hizi ni huu: kunywa dawa zako kila siku bila kukosa, nyonyesha angalau miezi 12, na unaweza kuendelea hadi miaka 2 au zaidi kama mwingine yeyote. Ukiamua kuacha, chukua kama mwezi mmoja. Mtoto aendelee na dawa yake ya kinga kama kliniki ilivyokuelekeza, na arudi kupimwa wiki 6 baada ya kuacha kabisa. Unaona, hata hapa notisi ni ya mwezi.

Kwa kumalizia

Haraka haraka haina baraka, na mahali pa kuiona methali hii waziwazi ni kwenye mizani ya kliniki. Baada ya kumwachisha mtoto, mwangalie. Ukibonyeza mguu wake kwa kidole gumba na shimo likabaki, mlete siku hiyo hiyo. Akikonda, akikosa raha ya kucheza, nywele zikibadilika rangi, mlete. Mhudumu wa afya wa kijiji au mtaa wako anaweza kumpima mkono kwa ile tepe ya rangi. Kwa mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na nyekundu ni hospitali moja kwa moja, iwe Thika Level 5 au Ruiru.

Nilipata mtoto wa pili miaka 4 baadaye. Yeye nilimlikiza kwa wiki 7, akiwa na miaka 2 na mwezi mmoja. Jioni ya mwisho aliniuliza kama ziwa limelala. Nikamwambia ndiyo. Akalifunika kwa kanga yangu, akashika sikio langu, akalala. Asubuhi alinidai uji.

Nawatakia jioni njema. Wiki ijayo tutazungumza juu ya minyoo na chanjo ya mwaka wa pili, kwa hiyo tafuteni vile vijitabu vya kliniki popote mlipoviweka. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kwaherini, na Mungu awalinde nyinyi na watoto wenu.